Nyumba Isiyosema Karibu

Nauliza, na nitauliza mpaka sauti inikauke: mtu akipiga hodi kwao, aliyepotea ni nani, ni yeye au ni nyumba?

Nilikuwa nimefika. Nilifikaje sijui, na katika mji ule hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za njia. Mji wenyewe haukuwa na jina. Jua lilikuwa limesimama pale linaposimama wakati wa chakula cha mchana, halipandi wala halishuki, kwa hiyo kila saa ilikuwa na njaa ya mchana na harufu ya mchana. Kichwani nilikuwa na mkungu mdogo wa ndizi, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Nilikuwa na kanga mbili mpya, moja kiunoni, moja mabegani, na viatu nimevivua nimevishika ili visichakae. Mkono ulioshika viatu ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili, una wino kwenye kidole. Shingo iliyobeba ndizi ilikuwa ya bi harusi, imenyooka, inaona haya. Magoti ndiyo yalikuwa haya haya ya leo, yanayolia kama mlango wa zizi. Sikushangaa hata kidogo. Ukiwa bibi umeshazoea kuamka na umri huu na kulala na ule.

Mbele yangu, nyumba.

Ee jamani, nyumba! Ngojeni niwaeleze taratibu, msinikimbize. Ukuta wake ulikuwa wa mawe ya mtoni, jiwe jeusi limekalishwa na jeupe, kubwa limeegemezwa na dogo, kazi ya mtu asiye na haraka. Udongo wa katikati ulikuwa umelainishwa kwa kiganja, na alama za vidole bado zinaonekana, unaweza kuweka chako ndani yake kikaenea. Nilitazama upande wa kulia sikuona ukuta unapoishia. Nikatazama kushoto, vivyo hivyo. Moshi ulitoka juu ya paa kila mahali, kana kwamba kila chumba kina mafiga yake, na ndani ya moshi nikasikia makande yaliyoungwa kwa karanga, ndizi zinazochemka na nyama ya mfupa, na vitunguu vile vinavyoanza kubadilika rangi. Na vicheko! Vicheko vya watu ambao chakula kiko karibu kuiva na wanajua kwamba watapata.

Nje, kwenye ua, watu walikuwa wamejaa mpaka huoni ardhi. Na wote walikuwa wanapiga hodi.

"Hodi!"

"Hodi jamani!"

"Hodi wenyewe! Wenyewe mpo?"

Kama vyura mvua ikikatika. Hodi nene za wanaume, hodi nyembamba za wasichana, hodi za kuomba, hodi za kudai, hodi moja ya mama mmoja iliyokuwa karibu na kilio. Na kutoka ndani, jibu hakuna. Sahani zinalia, kicheko kinapanda, mtu anapiga chafya na kuambiwa afya, lakini "karibu" haisemwi. Hata moja!

Sasa tazameni walivyosimama. Walisimama ubavu, bega limeelekea nyumba, macho chini, kila mtu anahesabu vidole vyake vya miguu. Si ndivyo tulivyolelewa? Hatuchungulii nyumba ya mtu. Unasimama kando, unakohoa kidogo, unaita hodi, unangoja. Ukiita mara tatu kimya, unajiondokea na heshima yako. Hiyo ndiyo adabu, na mimi mwenyewe nimeifundisha kwa fimbo ya mpera. Lakini katika mji ule watu wangeondoka waende wapi, na nyumba ni hiyo moja tu? Basi wakishaita mara tatu walizunguka nyuma ya shamba la mihogo, wakapumua, wakarudi na hodi nyingine. Wengine walizunguka nyuma ya mihogo hawakurudi tena. Wenzao waliongea habari zao kwa sauti ya chini.

Nami nikasimama ubavu. Nikatazama vidole vyangu. Nikaita.

Kimya.

Pembeni palikuwa na banda, na ndani ya banda mwalimu aliyeitwa Zefania, koti lake limepigwa pasi mpaka lina makali, anafundisha watu kupiga hodi.

"Hodi ya kweli hutoka tumboni!" anasema. "Ile ya kooni ni ya wale wenzetu wa kule." Na kidole chake kinaonyesha banda jingine ng'ambo ya ua, ambako hodi ilikuwa inaimbwa kwa makofi. Mabanda hayo mawili hayakusalimiana. Kila moja lilikuwa na mtungi wake wa maji, na mtoto wa huku akinywa maji ya kule alisuuzwa mdomo.

Nikamwendea. "Mwalimu, pole na kazi. Tangu uanze kupiga hodi, umewahi kuitikiwa?"

"Mama, usiniharakishe. Hodi yangu bado naiboresha."

"Au humo ndani hawasikii?"

"Shh! Mwenye Nyumba anasikia hata sisimizi akitambaa!"

"Kama anasikia, mbona hajibu?"

Zefania akatazama viatu vyake. "Hilo," akasema, "lipo kwenye somo la waliokomaa."

"Wewe hujakomaa?" Watu wakacheka, na yeye mwenyewe mdomo ukamtetemeka kwa kicheko, akajikaza.

Nikarudi karibu na nyumba. Na hapo ndipo nilipomwona Eliwaza.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mahali pazuri kuliko pote, karibu kabisa na mlango, lakini ubavu, kwa adabu. Kanga yake ya rangi ya kahawia, kilemba chake kimefungwa kwa nyuma kama anavyofunga siku zote. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, Mbonea. Yeye alizaliwa katika ule ukoo, mimi nilikuja kuolewa. Na tangu siku nilipoolewa alinipokea kwa neno moja. Nikitoka kisimani na ndoo kichwani, naingia jikoni kwangu, kwenye moshi wangu, kwenye masizi yangu, ananitazama na meno yote nje: "Karibu, mama. Karibu sana, mgeni wetu." Nikizaa, karibu. Nikizeeka, karibu. Nani atamshitaki mtu kwa kusema karibu? Neno ni tamu. Lakini kila liliposemwa lilinitoa nje ya mlango ili nianze tena kuingia. Na siku tulipomzika Mbonea, nikiwa nimeshika kona ya jeneza, alinigusa bega mbele ya watu akasema, "Upande wa wageni ni kule, mama. Wewe ni mtu wa kuja." Nikaenda kukaa kule. Tangu hapo akipita njia ya juu, mimi napita njia ya chini.

Sasa tuko wawili mbele ya nyumba moja.

"Na wewe umefika," akasema, bila kuinua macho.

"Nimefika."

"Nimetangulia mimi."

"Naona. Wamekuitikia?"

Akaita, kwa sauti ya mwenye haki: "Hodi!" Na kwa mara ya kwanza nikasikia chini ya ile sauti kitu kinachotetemeka, kama kikombe juu ya sahani ya mtu mwenye homa.

Kwetu. Hebu tafuneni neno hili pamoja nami. Mtu mmoja, peke yake duniani, hana mke, hana mtoto, hana paka, jioni anafunga kibanda chake cha viazi anasema, "Naenda kwetu." Kwetu, na yuko mmoja! Wenzake ni akina nani? Wengine amewazika, wengine hakuwajua, lakini mdomo unakataa kuwa peke yake. Nani aliyetia wingi huo kwenye mdomo wa yatima? Nani aliyeuweka pale mapema, kabla ya maziwa, ili hata mtu akitupwa na watu wote ulimi wake uendelee kukumbuka kwamba kuna nyumba?

Nawaza hivyo, shingo inauma kwa ndizi, na hodi zinalia kulia na kushoto, hodi, hodi, hodi, na mara kutoka ndani, sauti. Ya mtu mzima. Ya mtu mwenye shughuli.

"Nakijwa! We Nakijwa! Hivi chumvi umeiweka wapi?"

Nakijwa ni mimi. Na kabla akili haijafika, mdomo ulishajibu, kwa ukali kidogo, kama unavyomjibu mtu anayetafuta kitu kilichopo mbele ya macho yake: "Si kwenye lile kopo la majani ya chai, juu ya kabati, nyuma ya chujio!"

"Aa. Nimeiona."

Sikuwa nimewahi kuingia mle ndani! Lakini kopo lile nililijua, na kutu yake kwenye kifuniko, na namna linavyotaka kufunguliwa kwa mpini wa kijiko. Oo, watu wangu, moyo ulinidunda mpaka ndizi zikacheza. Kwa sababu nilielewa, na nilielewa lote kwa pamoja. Mgeni anaambiwa karibu. Mgeni anaambiwa keti, pole na safari, analetewa maji kwenye glasi nzuri. Hakuna duniani anayemuuliza mgeni chumvi iko wapi. Nyumba hii haikujibu hodi kwa sababu haikuwa na wageni. Mwenye Nyumba alikuwa anasikia ua mzima unapiga kelele, na masikio yake yalikuwa yanatafuta mgeni ili amkaribishe, na hakumwona hata mmoja. Aliona watoto wake tu, wamesimama ubavu, wanangoja ruhusa ya kuingia kwao.

Nikainua kichwa. Mtu akiitwa jina huinua kichwa, si ndiyo? Nikageuka, nikatazama nyumba usoni kwa mara ya kwanza.

Mlango haukuwepo.

Sisemi ulikuwa wazi. Nasema haukuwepo! Palikuwa na fremu, na kwenye fremu matundu ya misumari pale bawaba zilipokuwa, na ndani ya matundu nyigu walikuwa wamejenga wakahama zamani. Ule umati wote ulikuwa unapiga hodi kwenye uwazi mtupu, na adabu ndiyo iliyowazuia kuuona.

Pale kwenye kizingiti alisimama mwanamume wa makamo na birika na beseni, taulo begani, ananawisha mikono ya wanaoingia. Lakini wanaoingia walikuwa wachache, kwa hiyo maji yalikuwa yanamngojea yeye, na yeye anawangoja watu. Niliponyoosha mikono nikaona viganja vyake vilikuwa na makovu, yameingia ndani, na maji yalituama humo kidogo kabla ya kumwagika.

"Kaka," nikasema, maana nilijua ni Kaka Mkubwa, mzaliwa wa kwanza, kama nilivyolijua kopo, "mlango wenu uko wapi?"

"Wetu," akanisahihisha.

"Mlango wetu uko wapi?"

"Niliung'oa. Nikaubeba mgongoni, nikatoka nao nje ya mji." Akavuta ukosi wa shati kidogo, nikaona bega, na alama ya mbao kwenye bega. "Ulikuwa mzito, Nakijwa."

"Uliupeleka wapi?"

"Kule ambako hakuna atakayeurudisha." Akatabasamu. "Pitia. Na ndizi hizo zipeleke jikoni, usizilaze ukumbini. Kwani zawadi unamletea nani?"

Nikapita. Sikupiga hodi. Mkono wa mtoto, shingo ya bi harusi, magoti ya bibi, vyote vikapita kwa pamoja, na ndani nikawa mtu mmoja.

Baba, mwenye ile sauti ya chumvi, alikuwa jikoni, mikono ya shati imekunjwa, unga mpaka kwenye viwiko, anasonga. Uso wake sitauelezea. Kila nilipoutazama nilijikuta namtazama mama aliyenizaa, na yule jirani aliyeniazima mwavuli mwaka wa mvua nyingi, na mtoto wangu aliyekufa kabla ya kubatizwa, nikashindwa kuumaliza.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa nje napiga hodi."

"Nilikusikia. Nikajiuliza, mtoto huyu anacheza mchezo gani?" Akacheka, na nyumba nzima ikacheka, mpaka vyumba vile visivyo na mwisho. Akaipua. Masinia yakapangwa kwenye mikeka, watu wa kila rangi wamekaa kuzunguka, na mimi nimeshaketi, vidole vimenawa, mate yamejaa. Lakini hakuna aliyegusa chakula. Walikuwa wananitazama mimi.

"Mwenzako yuko wapi?" Baba akauliza.

Nilijua anamtaka nani. Nilijifanya sijui. "Nani, Baba?"

"Nakijwa."

Nikatazama nje. Eliwaza alikuwa amesimama. Alikuwa ameita hodi yake ya mwisho, na sasa anainama, anachukua kigoda chake, anakikung'uta vumbi, uso ameuelekeza kwenye mihogo. Kule ambako watu wengine hawakurudi.

Baba angeweza kumwita yeye. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho. Akafuta unga mikononi, akangoja. Kila mtu akangoja. Chakula kilikuwa kinatoa moshi, na mimi ndiye niliyekuwa nakipoza.

Basi nikainuka nikaenda mlangoni. Na neno likaja lenyewe, limeiva, limekaa kwenye ncha ya ulimi kama asali. Karibu. Ningelisema kwa meno yote nje. Karibu, mama. Karibu sana, mgeni wetu. Angeingia, nina hakika angeingia, mtu mwenye njaa haangalii neno. Angekaa kwenye mkeka huu huu, na kila akimeza angekumbuka kwamba kuna mtu aliyemkaribisha. Mimi. Mtu wa kuja. Milele na milele angekuwa mgeni wangu, na hakuna malaika angenishitaki, maana neno ni tamu.

Nililishika mdomoni. Sisemi uongo, lilikuwa tamu sana.

Kisha nikamwona Kaka pale kizingitini. Alikuwa anabadilisha maji ya birika, anamwaga yaliyopoa, anatia ya vuguvugu, kwa ajili ya mikono ya Eliwaza, kana kwamba jambo limeshaamuliwa. Nikaona viganja vile. Nikaelewa kwamba nikisema karibu nitakuwa nimefunga upya kile alichokwenda kukitupa mbali, nimekipigilia mimi mwenyewe, msumari kwa msumari.

Nikalimeza. Lilipita kwa shida, kama fundo la ugali mkavu. Nikatoka nje, magoti yanalia, nikapita katikati ya hodi zote, nikashika kigoda upande wa pili.

"We Eliwaza! Unakwenda wapi na kigoda na watu wanataka kukalia?"

"Niache." Macho chini. "Nimeita. Sikuitikiwa. Najua kusoma kimya cha watu."

"Hujui kusoma chochote. Njoo, makande yanapoa. Baba amekataa tusile."

"Ni nani aliyenikaribisha?"

"Hakuna. Na hakuna atakayekukaribisha, hata ukeshe. Umezaliwa humo."

Hapo akainua uso. Ulikuwa uso wa msichana mdogo, mashavu yamejaa, na juu yake kilemba cha kikongwe. "Nikiingia," akasema, na sauti ikawa ndogo kabisa, "watanikalisha upande gani?"

Oo, Eliwaza. Kumbe umri wote huo, wewe uliyekuwa unatuonyesha pande, hukuwahi kujua wako.

"Ndani hamna pande," nikamwambia. "Nimetafuta. Nilitaka sana nikuonyeshe, lakini ni mikeka tu."

"Nilikutoa kwenye jeneza la mumeo."

"Ulinitoa."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu. Na uliniumiza, na ukitaka nitakueleza ulivyoniumiza, kila kipande, mimi si mtu wa kuruka vipande. Lakini tutaongea tukiwa tumekaa. Njaa inaniua."

Alicheka. Hakutaka, kikamponyoka, kicheko chenye machozi ndani, puani na mdomoni pamoja. Nikamvuta. Alikuwa mzito jamani, si kwa mwili. Akafumba macho pale kwenye fremu, akajikunyata kama mtu anayengoja kugonga kichwa, na hakugonga kitu. Kaka akamshika mikono, akaimwagia maji, akaikausha kidole kwa kidole. Nyuma yetu nikasikia hodi ya Zefania imekatika katikati. "Ho..." Nilipogeuka alikuwa ametukodolea macho, kisha fremu, kisha sisi, mdomo wazi, na ukosi wa koti lake umepinda.

Tukaingia. Mkeka ulikuwa umejaa. Nilitazama nikaona kweli hapana nafasi, hata ya paka. Eliwaza akasimama, mikono bado ina ubichi wa maji, tayari kurudi nyuma. Hapo likatokea jambo ambalo sijui kulieleza vizuri. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alivuta goti. Wa pembeni yake akavuta sahani. Mwingine akampakata mtoto. Na ule mwendo mdogo ukaenda kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, chumba hadi chumba, nikasikia mikeka ikikwaruza mbali huko ambako macho hayafiki, nyumba nzima inasogea kidogo, kidogo tu, kila mtu kwa upana wa paja.

Tukakaa. Baba akashukuru kwa maneno machache, maana watu walikuwa na njaa. Mikono ikaingia kwenye sinia, ya kwangu na ya kwake ikagongana kwenye mfupa ule ule, hakuna aliyetoa wake.

"Wifi," Eliwaza akaninong'oneza, mdomo umejaa, ananisukuma na kiwiko, "hebu inuka kidogo. Umenikalia kanga."